Mteja Asimulie Mara Moja Tu

Hotuba niliyoitoa mjini Morogoro mbele ya wahudumu wa wateja, wasimamizi wa maduka na mawakala wa kampuni za simu. Naiweka hapa yote kwa ajili ya wenzetu waliobaki kwenye zamu.

Ndugu Mwenyekiti, dada zangu na kaka zangu wa huduma kwa wateja, wasimamizi wa maduka, na ninyi mawakala mliofunga vibanda ili mfike hapa, habari za asubuhi.

Mliofunga vibanda najua mnahesabu kamisheni inayowapita kila nikivuta pumzi, kwa hiyo sitazunguka.

Nimeombwa nizungumzie teknolojia ya mauzo na usimamizi wa wateja, ile ambayo ofisini tunaiita siaremu, na thamani yake. Mada hii nimeisikia kwenye vikao vingi, na karibu mara zote inaelezwa kwa faida ya kampuni: mapato ya kila laini yamepanda kiasi gani, wateja wangapi wamezuiwa wasihame, simu za malalamiko zimepungua kwa kiwango gani. Ni hesabu halali, mishahara yetu inatoka humo. Lakini leo naomba tuhamie upande wa pili wa kaunta. Mteja je? Huyu anayeweka vocha ya mia tano asubuhi na mia tano nyingine jioni, mfumo wetu wa mabilioni unamletea nini yeye?

Jibu langu ni fupi na nitalirudia mpaka mnichoke. Mfumo wa wateja una thamani kwa mteja pale unapompunguzia kazi. Kama tumeufunga, tumeuzindua, tumekata na keki, halafu mteja bado anasimulia shida yake mara tatu, bado anapanda daladala mara mbili, bado anakatwa salio asijue limekwenda wapi, basi tulichonunua ni kompyuta tu. Huduma bado hatujainunua.

Mfikirie mteja ambaye kila mmoja wenu ameshawahi kumhudumia. Mama anauza dagaa pale Mwaloni, Kirumba, Mwanza. Alfajiri, sokoni, katika kusukumana, simu imechomolewa. Kwenye simu kuna laini, na kwenye laini kuna pesa ya mzigo. Anaazima simu ya jirani, anapiga huduma kwa wateja. Bonyeza moja, bonyeza tatu, subiri, muziki, subiri. Dada anapokea, anamsalimia vizuri, anamuuliza jina kamili, namba ya NIDA, tarakimu ishirini zile, salio lililokuwepo, na mtu wa mwisho aliyemtumia pesa. Mama anajibu huku anatetemeka. Laini inafungwa. "Sasa mama nenda dukani ukarudishe laini." Anakwenda. Dukani kuna foleni, na zamu yake ikifika anaulizwa nini? Jina kamili. Namba ya NIDA. Salio. Mtu wa mwisho. Laini mpya inatoka, kidole kimekubali, mtandao umesoma. Anafungua menyu ya pesa: akaunti imefungwa. Kijana wa dukani anamwambia ukweli, kwamba hiyo ya pesa iko kwenye mfumo mwingine, apige simu. Anapiga. "Naomba jina lako kamili, mama."

Saa sita mchana dagaa wamekwisha nunuliwa na wengine.

Niwaulize: nani amekosea hapo? Dada wa simu alikuwa na adabu, kijana wa duka alikuwa mkweli, na aliyepokea simu ya mwisho alifuata utaratibu. Hakuna wa kuandikiwa barua ya onyo. Ila watu watatu wa kampuni moja wamekutana na mama yuleyule, asubuhi ileile, na kila mmoja amekutana naye kama mgeni.

Mnaofanya kazi kwenye madawati mnajua sababu. Dada yule alikuwa na madirisha manne matano yamefunguka kwenye skrini: moja la usajili, moja la salio na vifurushi, moja la pesa, moja la hitilafu za minara, moja la kuandika malalamiko. Kila dirisha lilinunuliwa mwaka wake, kwa muuzaji wake, na halizungumzi na jirani yake. Anayeyaunganisha ni yeye, kwa macho na kwa kunakili namba kutoka hapa kwenda pale, huku saa ya simu inahesabu.

Na kuna jambo la zamani zaidi. Programu hizi za wateja zilizaliwa kwingine. Siebel ilianzishwa California mwaka 1993, Salesforce ikafuata hukohuko mwaka 1999. Zilitengenezwa kwa kampuni zenye maofisa mauzo wanaofuatilia wateja wenye mkataba, anwani na ankara ya kila mwezi. Sasa mteja wetu ana mkataba gani? Ananunua kwa siku, wakati mwingine kwa saa. Anwani yake ni "ukishuka kituo cha pili, ulizia". Ana laini mbili au tatu, moja ya pesa, moja ya bando, moja aliyoisajili kwa jina lake lakini anaitumia bibi yake kijijini. Miaka mingi mtu huyu kwenye mfumo wetu hakuwa mtu. Alikuwa tarakimu kumi.

Ndipo ukaja usajili. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 ilitutaka tuwajue wateja, na baadaye ikaja awamu ya alama za vidole. Mnazikumbuka zile foleni za NIDA? Mwisho ulikuwa Desemba 31, 2019, ukasogezwa hadi Januari 20, 2020, na bado watu walilala foleni. Wazee walipeleka vidole vilivyosuguliwa na jembe hadi mashine ikakataa kuvisoma. Watu walifunga biashara zao, walilipa nauli, walirudi kesho na keshokutwa.

Hapa ndipo ninapowaomba mnisikilize vizuri. Ile siku mteja aliyosimama juani ilikuwa malipo. Ametulipa muda wake ili sisi tumjue. Ametupa jina, kidole, picha na namba ya kitambulisho. Ameshalipia! Kwa hiyo tukimuuliza tena yeye ni nani, mara tatu kwa asubuhi moja, tunamtoza kitu alichokwisha kulipa.

Yule mama angehudumiwaje kama mfumo ungekuwa unamfanyia kazi? Anapiga, dada anafungua ukurasa mmoja tu. Anamhakiki mara moja. Anafunga laini na akaunti ya pesa kwa pamoja, anafungua tiketi, yaani kumbukumbu ya shida yake kwenye mfumo, na namba ya tiketi inakwenda kwa ujumbe kwenye ile simu ya jirani. Mama anafika dukani, anaweka kidole, na ukurasa uleule unafunguka ukiwa na habari yote: imeibiwa saa kumi na moja alfajiri, imefungwa, mteja amehakikiwa. Kijana anasema, "Pole mama, naona umeibiwa simu asubuhi." Sentensi hiyo moja mteja atawasimulia wenzake sokoni mwezi mzima. Laini inarudi, pesa inafunguliwa palepale.

Wenzangu wa usalama wameanza kukunja uso, na wana haki. Kurudisha laini haraka ndiko anakokutaka mwizi pia. Anajifanya mteja, anairudisha laini ya mtu kwenye simu yake, na kwa dakika chache anakomba kila kitu. Kwa hiyo mfumo ukumbuke pia kwa ajili ya tahadhari: laini iliyorudishwa leo isitume fedha nyingi leo bila mtu kuulizwa. Kenya, Safaricom wana huduma ya Jitambulishe, ambapo sauti ya mteja mwenyewe ndiyo inayomtambulisha. Uhakiki mmoja ulio mgumu unamlinda mteja kuliko maswali mepesi yanayorudiwa na kila mhudumu.

Niseme neno kuhusu mashine za kujibu ujumbe, kwa kuwa najua mtaniuliza. Sina ugomvi nazo. Mtu anayetaka kujua salio la bando saa nane za usiku hana haja ya kumwamsha mtu. Ugomvi wangu ni mashine inayoongea na mteja dakika kumi, ikashindwa, ikamkabidhi kwa mhudumu bila hata mstari mmoja wa yale aliyosema.

Sasa twende kwenye mauzo. Mwaka 2000 Safaricom walipoingia sokoni Kenya wakiongozwa na Michael Joseph, mpinzani wao KenCell alikuwa anatoza kwa dakika. Ukiongea sekunde tano, umelipa dakika nzima. Safaricom wakaamua kutoza kwa sekunde. Kwa nini ilikuwa muhimu? Kwa sababu watu wa huku walikuwa na maneno ya sekunde chache. "Nimefika." "Gari limeharibika." "Mtoto amelazwa, njoo." Aliyekuwa anaogopa simu akaona anaweza kuimudu. Kitu cha kitaalamu pale ni kwamba mtambo wa kutoza ulikuwa na uwezo wa kuhesabu sekunde. Lakini mtambo haujui wenyewe uhesabu nini. Kuna mtu alimwangalia kwanza mteja anavyotumia simu.

Leo tunamwangalia mteja kwa karibu mno kuliko wakati ule. Tunajua ananunua bando gani, siku gani, saa ngapi, linaisha lini, anaongeza kwa shilingi ngapi. Kutokana na hayo tunamtengenezea ofa yake. Kenya waliita yao Tunukiwa. Huku kwetu kila menyu ina sehemu ya ofa za "kwa ajili yako tu". Ni jambo zuri likifanywa vizuri. Dereva wa bodaboda anayeongea sana usiku na hagusi intaneti, kwa nini umlazimishe kununua gigabaiti asizozitaka? Mwanafunzi wa chuo anayepakua vitabu usiku wa manane wakati mnara umelala, mpe usiku huo kwa bei nafuu. Wewe mnara wako ulikuwa umekaa tu.

Lakini nyoosheni mikono. Nani hapa hajawahi kuamshwa na ujumbe wa ofa? Nani hajawahi kumkuta mzazi wake ameunganishwa huduma ya mistari ya mapenzi kila siku kwa shilingi mia, na mzee hajui kuitoa? Naona mnacheka. Yule mzee hacheki.

Tunao mfumo unaojua kwamba mama huyu ananunua bando la siku kila siku, siku thelathini, na kwamba bando la mwezi lingemgharimu pungufu. Unajua hilo bila kuulizwa. Je, mfumo wenu unamwambia? Mabosi wenu watakubali umwambie? Hapo ndipo ninapoupima mfumo wa mauzo, wala sihitaji ripoti ndefu. Nataka kuona kama umewahi hata mara moja kumshauri mteja atumie fedha kidogo. Pengine hana fedha ya mwezi mzima kwa mkupuo, sawa, ataendelea na la siku. Angalau aamue akiwa anajua.

Tusipojisimamia wenyewe, tutasimamiwa. Aprili 2021 wateja walipokutana na bei mpya za vifurushi nchini, kelele zilikuwa kubwa kiasi kwamba Serikali ilizisitisha bei hizo haraka. Kipindi hichohicho TCRA, mamlaka inayosimamia mawasiliano nchini, ilikuja na masharti: mteja aarifiwe kifurushi kikifika asilimia 75 na kikifika 100, aweze kumhamishia mwingine bando lake, na asiendelee kukatwa kwa bei ya nje ya kifurushi bila kuridhia mwenyewe. Yasomeni masharti yale tena. Hakuna hata moja lililohitaji teknolojia mpya. Mtambo ulikuwa unajua tangu zamani kwamba bando limefika robo ya mwisho. Ulikuwa unakaa kimya.

Mtaniambia, mteja asiyeridhika si atahama? Tangu Machi 2017 anaruhusiwa kuhama na namba yake, anatuma neno HAMA kwenda 15080. Kweli. Lakini ninyi mnaokaa vibandani mnajua watu wanavyohama hasa. Hawatumi chochote. Wananunua laini nyingine ya mtandao mwingine, yenu wanaiacha kwenye nafasi ya pili, inapokea simu za shangazi tu. Kwenye ripoti laini iko hai. Mteja ameshaondoka, na hajamuaga mtu. Mfumo mzuri ungeona kwamba huyu alikuwa ananunua bando kila Ijumaa na Ijumaa tatu zimepita kimya, na kabla ya kumtupia ofa ungetazama alilalamika nini mara ya mwisho. Mara nyingi jibu liko pale kwenye tiketi: "Mtandao hausomi nyumbani kwangu." Mtu hana mtandao nyumbani, wewe unampelekea bonasi ya dakika!

Tuje kwenye pesa, maana M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007 na kuingia kwetu mwaka uliofuata, kampuni ya simu ilipewa dhamana ambayo haikuwa nayo wakati wa vocha tu. Vocha ikipotea mtu ananung'unika. Ada ya shule ikipotea, mtoto anarudishwa nyumbani.

Mnajua ni malalamiko gani yanawachosha kuliko yote: nimetuma kimakosa. Tarakimu moja imeteleza, pesa imekwenda kwa mtu asiyejulikana, na mtu huyo ameshaitoa kwa wakala. Kampuni inaweza kuajiri watu mia wa kurudisha miamala, na bado watachelewa. Dawa iliyosaidia zaidi ilikuwa ndogo mno: kumwonyesha mtumaji jina la anayepokea kabla muamala haujakamilika. Kenya waliiita Hakikisha. Jina lilikuwepo kwenye kumbukumbu tangu siku ya usajili. Hakuna kilichogunduliwa, wamelitoa tu jina kule lilikolala na kuliweka mbele ya macho ya mteja wakati anapolihitaji. Nikiulizwa ni wapi kumbukumbu za wateja zimeleta faida ya wazi zaidi katika ukanda wetu, nautaja ule mstari mmoja wenye jina.

Nafasi ya pili naipa Tigo, ambayo siku hizi mnaiita Yas. Mwaka 2014 waliwagawia watumiaji wa Tigo Pesa faida iliyotokana na fedha zao zilizokuwa zimewekwa benki kwa pamoja. Ilikuwa mara ya kwanza duniani kwa huduma ya pesa kwa simu kufanya hivyo. Fikirieni kazi iliyomo ndani: mamilioni ya watu, kila mtu na salio linalopanda na kushuka kutwa, halafu utoe fungu la kila mmoja kulingana na alichoweka. Mtu aliamka akakuta ameingiziwa pesa. Kidogo, ndiyo, kwa wengi ilikuwa kidogo sana. Lakini kwa mara ya kwanza takwimu tulizozihifadhi juu yake zilimlipa yeye.

Nimalizie na jambo ambalo mawakala hawatalipenda, na mabosi nao hawatalipenda, kwa hiyo tutagawana.

Mnamjua Mangi wa dukani kwenu. Ana daftari la mkopo. Ameandika sukari robo, mafuta ya kupima, mkate. Jioni unapokwenda kulipa, daftari linafunguliwa juu ya kaunta na unalisoma pamoja naye. Ukiona mkate ambao hukuchukua, mnabishana palepale, mnafuta. Daftari la kampuni ya simu ni kubwa mara elfu, na mteja hajawahi kuliona. Anakatwa, halioni. Ameandikwa "mteja msumbufu" kwenye tiketi, halioni. Amesajiliwa laini nyingine kwa kidole chake, halioni.

Ndiyo, hiyo ya mwisho. Mnajua ilivyokuwa inafanyika. Mzee anakuja kwenye mwavuli kusajili laini, anaambiwa kidole hakijasoma, aweke tena. Cha kwanza kilisoma vizuri. Cha pili kimesajili laini ya mtu mwingine. Laini hiyo ndiyo kesho inatuma ujumbe wa "ile pesa tuma kwenye namba hii", na polisi wakifuatilia wanafika kwa mzee. Wakala mwenzangu, ile kamisheni ya laini moja ilikuwa shilingi ngapi?

Sehemu ya daftari imeshaanza kufunguliwa. Mteja akipiga *106# anaona namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Akipata ujumbe wa tapeli anaipeleka namba hiyo 15040. Nawaomba mfanye jambo dogo: kila mteja anayefika kwenye kaunta au kibanda chako, mfundishe hizo namba mbili. Na upande wa mabosi, sheria imeshawafikia. Kenya wana Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019. Sisi tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Tume ya kuisimamia ipo. Mteja ana haki ya kujua mnahifadhi nini juu yake na ya kudai kisahihishwe kikiwa na makosa. Swali kwenu ni rahisi: akija dukani kesho na ombi hilo, kijana wa kaunta atabonyeza wapi? Kama hajui, mfumo wenu haujakamilika, hata kama ni wa bei mbaya kiasi gani.

Mwenyekiti ameshanionyesha saa, kwa hiyo nina ombi moja tu kwa wasimamizi. Ripoti yenu ya mwezi ina kurasa nyingi: simu zilizopokelewa, muda wa wastani, mauzo ya ofa. Ongezeni mstari mmoja. Hesabuni wateja waliowasiliana nasi zaidi ya mara moja kwa shida ileile ndani ya siku saba, kwa simu, dukani au kwa ujumbe, vyote vihesabiwe pamoja. Mkikuta mifumo yenu haiwezi kutoa hesabu hiyo kwa sababu simu, duka na ujumbe havijaunganishwa, basi mmeshapata jibu la fedha za mwaka ujao ziende wapi, na msimpe muuzaji wa programu nafasi ya kuwaonyesha kitu kingine chochote kabla ya hicho.

Ahsanteni kwa kunisikiliza. Mwenyekiti, nipo tayari kwa maswali, tuanze na mawakala kwa kuwa wao ndio wenye vibanda vilivyofungwa.